Zana imesema "hakuna", sasa wakala wa AI aelewe nini?

Watu wengi wakisikia wakala wa AI anaandika msimbo wanafikiri amekaa ripo nzima (folda yote ya msimbo wa mradi) iko mbele yake, anaiona folda kwa folda, la, haoni kitu. Ripo iko kwenye diski yako, yeye yuko kwenye seva ya watu huko mbali, na katikati kuna zana tu, moja ya kutafuta, moja ya kusoma faili, moja ya kuandika, sa ingine na moja ya kuendesha komandi. Kila anachokijua kuhusu ripo yako kimepitia kwenye hizo zana, na kila anachokijua kuhusu zana yenyewe ni yale maelezo uliyomwandikia, basi, hana kingine. Nimeshika mada hii manake huku kwetu Lamu, na Malindi pia nasikia, vijana wameanza kujiundia hizi zana wenyewe badala ya kungoja za watu, na wanaziunda vizuri wallahi, fanksheni ya kutafuta imekaa sawa, majaribio yapo, alafu kwenye maelezo wanaandika mstari mmoja, "hutafuta kwenye ripo", wanafunga laptopu wanaenda kuswali alasiri.

Huo mstari mmoja ndio unaoharibu kazi.

Kwanza tuelewane vile mambo yanavyokwenda. Modeli yenyewe, ile AI iliyo ndani ya wakala, haiendeshi chochote, haina mikono. Kuna programu inayoizunguka, na hiyo programu inampa modeli orodha ya zana, kila zana na jina lake, maelezo yake kwa maneno ya kawaida, na umbo la paramita zake (yale inayotakiwa kupewa), mara nyingi limeandikwa kwa JSON Schema, mtindo wa kueleza umbo la data. Modeli ikitaka kutafuta inaandika ombi, "niitie zana fulani, paramita hizi hapa", inasimama. Programu inachukua lile ombi, inaendesha utafutaji wa kweli kwenye diski, inarudisha maandishi, modeli inayasoma na kuendelea. MCP (Model Context Protocol), itifaki ambayo kampuni ya AI ya Anthropic waliitoa Novemba 2024, imefanya tu haya mambo yawe na umbo moja ili zana uliyoiunda wewe iweze kutumiwa na programu ya mtu mwingine, lakini hata usipoigusa MCP mpango ni ule ule, jina, maelezo, paramita, jibu.

Kwa hivyo yale maelezo si kitabu cha kuwekwa pembeni ati mtu akikwama atafungua. Yanaingia kwenye muktadha wa modeli (maandishi yote iliyonayo mbele yake) kila kikao, kabla hata hujaandika swali lako, na yanalipiwa tokeni, vile vipande vya maneno modeli inavyohesabia (si zile za stima, ingawa nazo zikiisha ni giza). Na kuna tofauti moja kubwa na binadamu ambayo watu hawaitilii maanani. Kijana mgeni akiingia kwenye timu, akatafuta kitu asikipate, atageuka amuulize aliyekaa kando yake, "kaka, hii ya nauli mliiweka wapi?", ataambiwa, na hatouliza tena. Wakala hana aliyekaa kando yake, tena mara nyingi haulizi kabisa, anaamua mwenyewe na kusonga mbele, na kesho kikao kipya hakumbuki kilichompata leo mpaka mtu amwekee kwa maandishi.

Sasa mfano wa huku. Kuna mfumo wa kukata tiketi za boti, zile zinazovusha watu kati ya Mokowe na Lamu, na nyingine za Shela, za Manda kwa wanaoenda uwanja wa ndege, na safari ndefu za Faza na Kizingitini. Msimbo wake umeandikwa na watu tofauti kwa miaka, na kama ilivyo kawaida yetu lugha zimechanganyika, faili moja inaitwa `nauli.py` ndani yake kuna `hesabu_nauli`, nyingine inaitwa `booking.py`, kuna jedwali la `abiria` lakini safu yake moja inaitwa `phone_number`, yaani vile tunavyoongea ndivyo tunavyoandika. Mtu akamwambia wakala, kwa Kiingereza, ongeza punguzo la nauli kwa wanafunzi. Wakala akatafuta `fare`. Hakuna. Akatafuta `calculate_price`. Hakuna. Akatafuta `pricing`. Hakuna. Akaona basi, mfumo huu hauna hesabu ya nauli, akaunda faili mpya na `calculate_fare` yake ndani, safi, na majaribio juu, yote yakapita. Sasa mfumo una nauli mbili, na bei ya safari ya Faza ilipopandishwa ikabadilishwa upande mmoja tu, abiria anaona bei moja kwenye simu na nyingine kwenye risiti, na ugomvi wake unaishia kwa nahodha ambaye hajui ripo ni nini.

Ukimlaumu wakala hapo humtendei haki. Alitafuta mara tatu akaambiwa hakuna mara tatu. Tatizo ni hilo "hakuna", manake zana haikumwambia ni hakuna ya aina gani. Ni kama umemtuma mtoto Langoni akununulie kiberiti, amerudi mikono mitupu anasema hakuna, sasa hujui duka lilikuwa limefungwa, au kiberiti kimekwisha, au aliuliza kitu kingine kabisa, au hakufika dukani alikutana na wenzake njiani wakaenda kuogelea. Mzazi atamhoji. Modeli haimhoji zana, inapokea neno na kujengea juu yake.

Ndio maana nasema, na hili ndilo langu kwenye makala yote, maelezo ya zana ya kutafuta kazi yake ya kwanza si kusema zana inafanya nini. Modeli imeshasoma maelfu ya zana za kutafuta, ikiona jina `tafuta_msimbo` inajua nusu ya habari. Kazi yake ya kwanza ni kusema jibu tupu lina maana gani, na jibu lililojaa lina maana gani. Na huwezi kuliandika hilo mpaka ujue chini ya zana yako kuna utafutaji wa aina gani, kwa hivyo tupite huko kidogo.

Utafutaji wa zamani kabisa ambao bado unafanya kazi kila siku ni wa maandishi kama yalivyo. Grep iliandikwa na Ken Thompson huko Bell Labs mwaka 1973, inasoma mstari kwa mstari inakuonyesha yenye ulichoomba, na zana nyingi za mawakala leo chini yake ni ripgrep, aliyoitoa Andrew Gallant mwaka 2016, imeandikwa kwa Rust na ina kasi ya ajabu. Sehemu ya kasi yake inatokana na vitu ambavyo haisomi. Kwa kawaida yake ripgrep inaheshimu `.gitignore` (orodha ya faili ambazo git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inaambiwa iziache), inaruka faili zilizofichwa, inaruka faili za bainari. Kwa binadamu hilo ni raha, nani anataka matokeo ya folda za maktaba za watu? Lakini kwa wakala ambaye hakuambiwa, faili ya usanidi iliyofichwa haipo duniani. Ameitafuta, hakuna.

Alafu kuna hii ya namba za kutokea (exit codes), ambayo wengi wanairuka. Grep ikimaliza inarudisha 0 ikipata, 1 isipopata, 2 ikiwa kuna hitilafu. Hizo 1 na 2 ni vitu tofauti kabisa, moja ni "nimetafuta sikuona", ya pili ni "sikuweza kutafuta". Sasa mtu anaunda zana juu yake, anaandika kama si 0 basi rudisha orodha tupu, kwisha, ameua tofauti yote kwa mstari mmoja. Na hitilafu si jambo la nadra kwa mawakala, wanapenda sana kutafuta kitu kama `hesabu_nauli(` na mabano yake ya kufungua, ambayo kwa ripgrep ni rejeksi (kanuni ya kutafuta kwa alama maalumu) mbovu, kundi lililofunguliwa halikufungwa, inakataa. Wakala anapokea tupu. Anaandika fanksheni mpya. Unaona mlolongo ule ule.

Aina ya pili ni ya faharasa. Ripo ikiwa kubwa sana, au ripo ni nyingi, huwezi kusoma kila kitu kila mara, unatengeneza faharasa kabla. Njia maarufu ni ya vipande vya herufi tatu tatu, ambayo Russ Cox aliieleza mwaka 2012 akifafanua vile Google Code Search ya mwaka 2006 ilivyokuwa inafanya kazi. Neno `nauli` linakatwa `nau`, `aul`, `uli`, na faharasa inajua kila kipande kiko kwenye faili zipi, kwa hivyo unachukua faili zenye vipande vyote vitatu ndio unazikagua kweli. Ni ujanja mzuri sana, ila una madeni mawili. Ukitafuta kitu cha herufi mbili faharasa haikusaidii. Na faharasa ni picha ya zamani, wakala akiandika faili saa hii alafu akaitafuta papo hapo anaweza kuambiwa haipo, akaiandika tena.

GitHub, tovuti ya kuhifadhi ripo, nao wana utafutaji wao wa msimbo, na ninachokipenda kwao ni kwamba mipaka yake wameiandika wazi kwenye maelezo yao, unatafuta kwenye tawi kuu tu (toleo kuu la msimbo, si yale ya kando yanayofanyiwa kazi), faili zinazozidi KiB 350 hazimo, na kadhalika. Sasa kama zana yako inaita huo utafutaji alafu wakala anafanya kazi kwenye tawi la kando, tawi lenye ile kazi ya wiki nzima, atatafuta kazi ya wiki nzima na ataambiwa haipo. GitHub walisema. Wewe hukumfikishia.

Ya tatu ni ya alama, yaani majina ya fanksheni na klasi, inayojengwa na vichanganuzi kama tree-sitter vinavyoelewa muundo wa lugha ya programu. Hii ukiuliza `hesabu_nauli` imefafanuliwa wapi inakupeleka mstari wenyewe bila kukuletea maoni na majaribio. Nitasema moja tu juu yake, andika kwenye maelezo kama inaleta ufafanuzi peke yake au na mahali inapoitwa, manake wakala akitaka kufuta fanksheni atauliza nani anaitumia, na zana inayojua ufafanuzi peke yake itamjibu kwa ukimya, atafuta.

Ya nne ndiyo inayonikera zaidi, ile ya maana. Msimbo unakatwa vipande, kila kipande kinageuzwa orodha ndefu ya namba, swali lako nalo linageuzwa namba, zinatafutwa zilizo karibu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuuliza "wapi tunahesabu bei ya safari" ikakuletea `hesabu_nauli` bila neno hata moja kufanana. Ubaya wake ni kinyume kabisa cha grep, hii haijui kusema hakuna. Siku zote kuna kitu kilicho karibu kuliko vingine, hata kama karibu yenyewe ni kama Kiunga na Mombasa. Ukiiuliza kuhusu kurudisha pesa za abiria kwenye mfumo ambao haurudishi pesa, itakuletea majibu kumi, la kwanza labda ni `futa_tiketi`, na wakala atalishika kama ndilo. Kwa hivyo kwa zana ya aina hii maelezo yageuke, sema wazi kwamba kupata jibu si ushahidi kwamba kitu kipo, asome kipande chenyewe kabla ya kuamini. Na juu ya hayo modeli nyingi za kugeuza maandishi kuwa namba zimelishwa Kiingereza kingi mno kuliko Kiswahili, kwa hivyo kwenye ripo zetu hizi za mchanganyiko usiitegemee peke yake.

Na tukifika kwenye Kiswahili hapo kuna mambo ambayo maelezo ya zana za wenzetu hayatakwambia kamwe, manake wao hayawahusu. Maneno yetu yanabadilika mbele na nyuma. Kwenye ripo moja utakuta `amelipa`, `hajalipa`, `malipo`, `yamelipwa`, `lipia`. Wakala akitafuta `lipa` atapata mbili za kwanza, `malipo` hapati, `yamelipwa` hapati, `lipia` hapati. Akijaribu kuwa mjanja akatafuta `lip` atapata yote pamoja na kila `clip`, `slip` na `flip` iliyomo. Akiweka alama za mpaka wa neno, `\bhesabu\b`, atakosa `hesabu_nauli` kabisa kwa sababu kwa rejeksi ule mstari wa chini unahesabika kama sehemu ya neno. Bado hujafika kwa `tiketi` na `tikiti`, ambazo kila mmoja wetu anaandika vyake na akiulizwa anasema yeye ndiye sahihi. Kwa hivyo maelezo ya zana kwenye ripo kama hii yanatakiwa yamfundishe wakala kutafuta kwa shina pamoja na herufi zinazobadilika, kitu kama `lip(a|o|w|i)`, na yampe orodha fupi ya maneno, nauli ni nini, nahodha, abiria, mzigo, kuvusha. Orodha yenyewe si lazima ikae ndani ya maelezo ya zana, itakuwa ndefu mno, iweke kwenye faili ya ripo, watu wengi sa hizi wanatumia `AGENTS.md` kwa mambo kama hayo, na maelezo ya zana yaseme tu isomwe kwanza.

Basi maelezo mazuri yanafananaje? Mimi ningeandika hivi, na si lazima ukubaliane nami:

"Inatafuta maandishi kama yalivyo kwenye faili za tawi lililofunguliwa sasa, pamoja na mabadiliko ambayo bado hayajahifadhiwa kwenye git. Haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Haitafsiri, ukitafuta fare haitaleta nauli, na majina mengi ya ripo hii ni ya Kiswahili, soma orodha ya maneno kwenye AGENTS.md kwanza. Haisomi faili za .env wala kilichotajwa kwenye .gitignore. Inarudisha mistari 50 mwisho, ikizidi itakwambia jumla na folda zenye mistari mingi. Sifuri maana yake maandishi hayo hayakuonekana kwenye faili zilizosomwa, si kwamba kazi hiyo haipo. Kabla ya kuandika fanksheni mpya tafuta kwa shina la neno na kwa lugha zote mbili."

Si ndefu. Kila sentensi pale inazuia kosa fulani, na hilo ndilo ningelitumia kama kipimo, sentensi ambayo ukiifuta hakuna kinachoharibika ifute, unailipia kila kikao. Zile za "zana hii yenye nguvu itakusaidia kupata msimbo kwa haraka" ndizo za kwanza kutupwa.

Hiyo 50 sikuitoa hewani. Mwaka 2024 watafiti wa Princeton walitoa SWE-agent, wakala wa kurekebisha msimbo, na moja ya mambo waliyoyapima ni umbo la zana ya kutafuta, kwa matatizo 300 ya SWE-bench Lite ambayo ni hitilafu za kweli kutoka miradi ya Python. Zana yao ilikuwa inarudisha matokeo kwa muhtasari, mwisho 50, yakizidi inamwambia wakala aandike swali finyu zaidi. Kwa umbo hilo walitatua asilimia 18.0. Wakajaribu umbo jingine, lile tulilozoea sisi kwenye vihariri, tokeo moja moja, unabonyeza linalofuata, linalofuata. Ikashuka hadi 12.0. Wakaondoa zana ya kutafuta kabisa, wakala akabaki na komandi za kawaida tu, wakapata 15.7. Yaani zana ya kutafuta iliyotengenezwa kwa mazoea ya binadamu ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu wakala anabonyeza linalofuata mpaka mwisho, hachoki, anamaliza nafasi yake yote ya muktadha kwenye kutafuta. Kwenye kusoma faili ikawa hivyo hivyo, kumwonyesha mistari 100 kwa mara kulishinda mistari 30, na kumpa faili nzima ndiko kulikofanya vibaya zaidi kati ya hizo tatu, 12.7.

Mimi nasoma hapo kwamba zana na maelezo ni kitu kimoja. Na maelezo hayaishii kwenye ule mstari wa mwanzo, jibu lenyewe ni maelezo pia, tena ndiyo yanayosomwa kwa makini zaidi kwa kuwa yanafika pale pale wakala anapoamua. Badala ya kurudisha orodha tupu rudisha sentensi, "Sifuri kwa `fare`. Nimesoma faili za Python na SQL kwenye tawi `punguzo`. Sikusoma `.env` na folda ya `picha`. Orodha ya maneno iko AGENTS.md." Rejeksi ikiwa mbovu sema rejeksi ni mbovu, bano halikufungwa, kama ulitaka maandishi kama yalivyo weka paramita hii. Ukikata matokeo sema umekata, usimwachie 50 akafikiri ni zote, manake atabadilisha jina la fanksheni mahali 50 na kwengine kutabaki jina la zamani.

Kwenye `.env`, faili ya usanidi na siri za mfumo, kuna nukta ya ziada. Mifumo yetu mingi inapokea M-Pesa, kwa hivyo funguo za Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) ziko humo, na hutaki zitoke kwenye matokeo ya utafutaji ziende kwenye seva ya mtu. Sawa, zifungie. Lakini usizifungie kimya kimya. Wakala akitafuta jina la ufunguo akaambiwa halipo, ataona mfumo haujasanidiwa, ataunda faili mpya ya usanidi na funguo za uongo, na malipo yatasimama. Mwambie faili ipo, huruhusiwi kuisoma, majina ya vigezo yako kwenye `.env.example`. Amri ya kukataza na habari ya kuwepo ni vitu viwili.

Nimeulizwa, maelezo yaandikwe kwa lugha gani? Kweli Kiswahili kinakula tokeni zaidi, mikato ya maneno ya modeli nyingi imetengenezwa kwa kufuata maandishi ambayo mengi ni ya Kiingereza, kwa hivyo neno kama "hayakuonekana" linavunjwa vipande vingi. Na modeli kubwa za sasa zinaelewa zote mbili. Mimi naegemea upande wa nani atayarekebisha. Maelezo haya yanaoza haraka kuliko msimbo, leo umeongeza folda, kesho umebadilisha kikomo, na kama aliye zamu ofisini anaona uzito kuandika Kiingereza hatayagusa, na maelezo yanayosema 50 wakati zana inarudisha 20 ni mabaya kuliko yasiyosema. Kikomo chenyewe, kwa njia, kisiandikwe kwa mkono mahali pawili, kitolewe kwenye kigezo kile kile kinachotumiwa na msimbo, alafu maelezo yajijaze.

Tahadhari na mifano. Mfano mmoja mzuri unasaidia kuliko aya nzima, lakini modeli zinapenda kuiga, ukiweka mfano wa `hesabu_nauli` usishangae kuona vikao vingi vinaanza kwa kutafuta `hesabu_nauli` hata kazi ikiwa ya orodha ya mizigo. Weka mfano wa umbo la swali, si wa swali ambalo mtu anaweza kulihitaji.

Na utajuaje kama maelezo yako yanafanya kazi? Usiyasome ukajipongeza. Andika maswali ambayo majibu yake unayajua, mwachie wakala zana hiyo peke yake, angalia anapita njia gani, si jibu la mwisho tu. Alitafuta mara ngapi kabla ya kukata tamaa, alibadilisha lugha, alisoma orodha ya maneno? Badilisha sentensi moja ya maelezo, rudia maswali yale yale. Na katikati ya maswali lazima uweke moja au mawili ambayo jibu lake kweli ni hakuna, manake maswali yenye majibu peke yake yatakufundisha kutengeneza wakala anayependa kupata. Muulize kwa mfano ni wapi mfumo unarudisha pesa safari zikifutwa kusi ikichafuka, na mfumo huo hauna kitu kama hicho. Mwenye maelezo mabaya atakuletea `futa_tiketi` akaapa ndiyo hiyo. Unayemtaka ni yule atakayejibu kwamba hajaona, ametafuta `rudisha`, `rejesh`, `refund` na `futa` kwenye tawi hili, `futa_tiketi` ipo lakini haigusi malipo, na faili za `.env` hakuzisoma, je aandike mpya?